Je, Labrador Ananuka? Mazungumzo na Wenye Lupango

Nazungumza nanyi mlio Tenke karibu na stesheni, mlio Fungurume, Lwambo na Kolwezi, na ninyi madereva mlio kwenye foleni ya malori mkingoja njia ifunguke.

Leo tuzungumze juu ya mbwa. Najua kuna mama anayesema sasa hivi: maji ni ya shida, vumbi limejaa ndani, unga umepanda bei, na huyu anatuletea mbwa! Mama, kaa nasi kidogo. Mbwa nitakayemzungumzia anaoga maji yako, anakula unga wako, na vumbi analibeba mgongoni hadi sebuleni pako.

Jina lake labrador. Mnamjua: kichwa kipana, masikio yaliyolala, mkia mnene unaoangusha vikombe mezani, na rangi moja kati ya tatu, yaani mweusi, wa kahawia iliyokolea, au wa manjano. Katika miji yetu ya migodi anafika kwa njia mbalimbali. Mmoja kanunuliwa Lubumbashi akiwa mdogo kama ngumi mbili. Mwingine aliachwa na mgeni aliyemaliza mkataba, akamkabidhi jirani mbwa na sahani yake, kisha akapanda ndege. Watoto wanashangilia, papa anajisikia mtu mkubwa, na baada ya majuma machache jirani anaegemea ukuta na kusema: "Papa, ile imbwa yenu iko inanuka."

Papa anakataa. Anaapa kwamba hasikii harufu yoyote. Na kweli hasikii, kwa maana pua ya binadamu huzoea haraka harufu inayokaa nayo kila siku, mwishowe haiitambui tena. Nyani haoni kundule. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mbwa wako ananuka, usijiulize mwenyewe. Muulize shangazi aliyefika jana kutoka Likasi.

Sasa nijibu swali bila kuzunguka. Ndiyo, labrador ana harufu. Mbwa wote wanayo, na yeye anayo kidogo zaidi ya mbwa wetu wa manyoya mafupi. Lakini labrador mzima wa afya, mkavu, anayepigwa brashi, hanuki kiasi cha kumkimbiza mgeni. Harufu ikiwa kali mpaka inavuka ukuta wa lupango, kuna kazi ambayo mtu hakuifanya. Tuitafute kazi hiyo, na tumtafute mtu huyo.

Tuanze na asili yake. Mababu wa labrador waliishi Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Canada, penye bahari ya barafu. Wavuvi wa huko walikuwa na mbwa wa maji waliovuta kamba za nyavu na kuwadaka samaki waliochomoka kwenye ndoana. Katika karne ya 19 meli za samaki ziliwafikisha mbwa hao Poole, bandari ya kusini mwa Uingereza. Makabaila wa Uingereza na Uskoti, wakiwamo wale wa Malmesbury na wa Buccleuch, wakawapenda, wakawafuga kwa kazi ya kuokota ndege waliopigwa risasi wakaangukia majini. Mwaka 1903 chama cha Kennel Club cha Uingereza kikamtambua labrador rasmi.

Mbwa wa kazi hiyo alihitaji vazi la baharini, akapewa. Manyoya yake ni ya tabaka mbili: ya juu mafupi na magumu, ya chini laini na mazito. Ngozi yake hutoa mafuta yanayopaka manyoya hayo ili maji yateleze yasifike mwilini. Mafuta yale yale yaliyomwokoa babu yake na barafu ndiyo yanayoshika harufu katika lupango lako.

Tenke hatuna bahari. Lakini reli ya Benguela, inayotoka bandari ya Lobito kule Angola, iliungana na reli ya Katanga hapa hapa Tenke mwaka 1931, na tangu hapo tumezoea kupokea vitu vya pwani bila kuiona pwani. Labrador ni kimojawapo. Hali ya hewa yetu haimwonei sana, maana tuko nyanda za juu. Kolwezi iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mtu anatafuta blanketi wakati mbwa huyu anatafuta sakafu ya saruji ajinyooshe. Miezi ya kumchunga ni Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, jua likiwa kali. Hapo mpe kivuli na maji ya kunywa, na matembezi yawe alfajiri au jioni. Wala usimnyoe ukidhani unampunguzia joto, kwa sababu manyoya hayo hukinga ngozi na jua pia.

Haya, harufu inatoka wapi? Ina mahali pengi, na kila mahali pana maana yake.

Ya kwanza ni ya manyoya yaliyolowa. Kwenye ngozi ya mbwa wanaishi bakteria na kuvu wadogo wasioonekana kwa macho. Manyoya yakiwa makavu, uchafu wao umeshikana na mafuta, hausikiki sana. Yakilowa, maji huachilia harufu hiyo, na yanapokauka inapanda hewani pamoja na unyevu. Ndiyo maana labrador ambaye hakuna aliyemlalamikia Agosti nzima anakuwa kesi ya mtaa mara mvua ya Novemba inapoanza. Dawa yake ni kitambaa kikavu. Kila akitoka mvuani mfute mgongo, tumbo na katikati ya vidole, na usimfungie akiwa amelowa katika chumba kisicho na dirisha.

Ya pili ni ya masikio. Sikio lililolala hufunika tundu, unyevu unabaki ndani, kuvu wanastawi. Ukiinua sikio ukasikia harufu ya uchachu, ukaona uchafu wa kahawia, na mbwa anatikisa kichwa kutwa, huo ni ugonjwa na unamuuma. Lifute sikio kwa pamba sehemu ya nje tu, usiingize kijiti, kisha mtafute daktari wa wanyama.

Ya tatu ni ya kinywa. Meno yasiyosafishwa hujenga ukoko wa manjano, ufizi unaoza. Ya nne ni aibu kuisema redioni lakini nitaisema: mbwa ana tezi mbili ndogo kando ya njia ya haja kubwa. Zikijaa, anajiburuta kwa makalio sakafuni na anaacha harufu ya samaki aliyelala. Ya tano ni ya nyayo, nayo haina ubaya wowote. Wengi wanaifananisha na mahindi yaliyochomwa, na inatokana na bakteria wa kawaida wanaoishi katikati ya vidole.

Ya sita ni ya ngozi iliyougua: upele, vidonda, manyoya yanayonyonyoka. Hapa nina neno na mafundi wa gereji. Kuna desturi ya kumpaka mbwa mwenye upele mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari. Acheni. Mafuta hayo ni sumu. Mbwa anayalamba, yanapita ngozini, na upele unaweza kuondoka pamoja na mbwa mwenyewe.

Katika hizi sita, kuoga kunasaidia moja na nusu. Zilizobaki zinahitaji jicho, mkono na daktari. Hata hivyo, kila anayelalamikiwa mbwa wake hukimbilia ndoo na sabuni ya unga ya kufulia nguo, anamsugua kila Jumamosi. Sabuni hiyo inaondoa mafuta yote, ngozi inakauka, inawasha, mbwa anajikuna mpaka anatoa vidonda, na vidonda vinaleta harufu mpya kuliko ya kwanza. Kumwogesha mara moja kwa mwezi kunatosha, na hata chini ya hapo kama hajabingirika kwenye tope. Tumia sabuni ya mbwa, na suuza mpaka maji yatoke safi.

Hapo sasa tumefika kwenye maji niliyowaahidi. Labrador mzima ana kilo kati ya 25 na 36, na manyoya yake yameumbwa kuyakataa maji. Kumlowesha, kumsugua na kumsuuza sawasawa kunakula bidoni mbili au tatu za lita 20. Kwa nyumba yenye bomba linalotoka saa zote, si kitu. Kwa lupango ambalo maji yananunuliwa kwa bidoni, au yanachotwa kisimani na kubebwa kichwani, hizo ni bidoni ambazo zingepika, zingefua, zingewaogesha watoto. Tuseme ukweli wa nyumba zetu: aliyetaka mbwa mara nyingi ni papa. Anayebeba bidoni ni mama, au ni binti kabla ya kwenda shule. Mbwa anaponuka, mama ndiye anayelaumiwa kwamba nyumba haina usafi. Mimi nasema hesabu hiyo imepinda.

Wengine wananiambia: huyu si mbwa wa maji? Mpeleke akaogelee. Ni kweli anapenda maji kupita kiasi, ukimkaribisha kwenye dimbwi hatoki. Lakini chagua maji. Yaliyosimama katika mashimo ya zamani ya migodi, na mito inayopokea maji ya viwanda, si mahali pa kiumbe kuogelea akiyameza. Na kwenye mto mkubwa au ziwa, uliza kwanza wavuvi wa pale kama kuna mamba.

Baada ya maji, vumbi. Katika kiangazi barabara zetu zinatimka vumbi jekundu kutwa nzima, na si vumbi tupu. Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, madini ya kobalti yaligunduliwa mwaka 2014 chini ya nyumba za watu, na uchimbaji ukaingia katikati ya malupango. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wakiwamo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kupima vumbi la nyumba na mikojo ya wakazi wa mtaa huo. Walikuta kobalti nyingi kuliko katika mtaa wa kulinganisha, na watoto ndio walioathirika zaidi. Sasa fikirini manyoya ya tabaka mbili, yenye mafuta, yaliyolala kando ya barabara tangu asubuhi. Jioni mnyama huyo anaingia ndani, anajitikisa katikati ya chumba, kisha mtoto anamkumbatia na kula bukari kwa mkono ule ule.

Kwa hiyo brashi ni kazi ya nje, si ya sebuleni. Mpige brashi mara mbili au tatu kwa juma, nyuma ya nyumba, upepo ukielekea kusiko na watu. Labrador hupukutisha manyoya mwaka mzima, na usipoyatoa kwa brashi utayatoa kwenye sombe. Mfute miguu na tumbo kwa kitambaa chenye maji kidogo kabla hajaingia. Watoto wanawe mikono wakimaliza kucheza naye. Na mahali pake pa kulala, mkeka au gunia, paoshwe na kuanikwa juani, maana mara nyingi kinachonuka ni gunia, mbwa anasingiziwa.

Kuanika nako kuna sheria yake hapa kwetu. Mnamjua yule nzi anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo zenye unyevu, ambaye kwa ajili yake tunapiga pasi hata soksi. Funza wake anaingia katika ngozi ya mbwa kama anavyoingia katika ya mtu. Ukiona vivimbe vyenye kitundu tumboni au kwenye makalio ya mbwa, ujue analalia mchanga uliotagwa. Kagua na kupe kila jioni, hasa wakati wa mvua: ndani ya masikio, shingoni, katikati ya vidole. Kupe wanaambukiza homa inayoharibu damu. Ufizi ukiwa mweupe na mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia, usingoje kesho.

Tuje kwenye unga. Labrador ana sifa ya ulafi, na mwaka 2016 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Eleanor Raffan, walionyesha kwamba si tabia tu. Karibu robo ya labrador waliowapima walikuwa na kasoro katika jeni moja inayohusika na kumwambia mwili kwamba umeshiba. Mbwa huyo hasikii shibe. Atakula bukari yake, ya paka, ya zamu aliyelala mlangoni, na bado atakutazama kama mtu aliyefiwa. Ukimhurumia ananenepa, viungo vya nyonga vinaumia, na mbwa mnene hawezi kujisafisha nyuma, kwa hiyo harufu inarudi kwa mlango huo. Mpimie chakula asubuhi na jioni. Bukari peke yake haimtoshi: anahitaji samaki, mayai au nyama. Mchuzi wenye vitunguu humdhuru, mifupa ya kuku iliyopikwa inachana utumbo, na lutuku si mchezo wa kumwonjesha mnyama ili watu wacheke.

Na kuishi naye kunakuwaje? Kwanza, usimwajiri kazi ya ulinzi. Hapa kwetu mbwa mkubwa anategemewa awe mwenzake zamu. Labrador atabweka mara mbili, kisha atamletea mwizi kiatu. Uzuri wake uko kwingine. Anavumilia watoto, anajifunza haraka, na katika nchi nyingi ndiye anayeongoza vipofu na kunusa mabomu. Lakini anataka watu. Ukimfunga mnyororo nyuma ya nyumba kutwa, atachimba, atatafuna mlango, atalia. Anahitaji kutembea na kukimbia kila siku, si Jumapili tu.

Pili, anapenda kila mgeni, na wageni hawampendi wote. Wapo wanaoogopa kwa sababu maisha yao yote mbwa mkubwa amekuwa wa kuwafukuza. Wapo majirani Waislamu, na wale wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa kwao ni najisi, chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu wa namna hiyo akirukiwa na labrador anakwenda kubadili nguo kabla ya kuswali. Mfundishe mbwa kukaa chini mgeni aingiapo. Hiyo ni heshima ya nyumba.

Tatu, anahitaji chanjo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wanakipata kwa kuumwa na mbwa. Mchanje afikapo miezi mitatu, na rudia kama daktari atakavyokupangia. Mtu akiumwa, na mbwa yeyote, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku ile ile. Usingoje uone kama mbwa atakufa.

Nne, anaishi miaka 10 hadi 12. Mgodi wa Tenke Fungurume ulianza kutoa shaba mwaka 2009 chini ya kampuni ya Freeport-McMoRan ya Marekani. Mwaka 2016 sehemu yake ilinunuliwa na kampuni ya China Molybdenum, ambayo leo tunaiita CMOC. Labrador aliyezaliwa shaba ya kwanza inatoka angeweza kuwaona wenye mgodi wakibadilika na yeye bado anadai bukari. Mikataba ya kazi hapa ni mifupi kuliko maisha ya mbwa.

Kuna msikilizaji anayeuliza: basi hakuna mbwa asiyenuka? Asiyenuka kabisa hayupo, lakini anayekaribia yupo, na ni wa nchi yetu. Misituni kaskazini mwa Kongo, upande wa Ituri na Uele, wawindaji wamekuwa na mbwa mdogo mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye dunia inamwita basenji. Habweki kama wengine, kwa hiyo anavishwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue alipo. Manyoya yake ni mafupi, anajilamba na kujisafisha kama paka, na harufu yake ni ndogo mno. Waingereza walionyeshwa mbwa hao mwaka 1895, lakini mbwa wenyewe wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 Waingereza wakafanikiwa kuwafuga. Miaka ya 1987 na 1988 Wamarekani walisafiri hadi Zaire kutafuta damu mpya ya basenji wao. Watu wanavuka bahari kuja kuchukua mbwa wa Kongo, nasi tunatuma pesa Lubumbashi kununua mbwa wa Newfoundland.

Mbwa wa vijiji vyetu vya Lualaba si basenji wa cheti, lakini naye ana manyoya mafupi, mwili mwepesi, na anajua joto, vumbi na njaa za hapa. Akinuka, mara nyingi ni kwa alichokibingirikia jalalani. Kwa nyumba inayohesabu bidoni, huyo ndiye mbwa wa akili, mradi achanjwe na asiachwe kuzurura.

Sisemi labrador asifugwe. Nasema kabla hajaletwa, kaeni familia nzima na mgawane kazi kwa majina: nani brashi, nani kitambaa cha mvua, nani kupe wa jioni, nani pesa ya daktari. Na kazi ya bidoni apewe yule yule aliyesema "mimi nataka mbwa". Papa akikubali kubeba, mleteni, mtafurahi naye, na jirani hatakuwa na neno. Akianza kusema mgongo unamuuma, mmeshapata jibu, tena bure, kabla ya kununua.

Mbwa uliye naye sasa mchanje, na lango lifungwe.